Vesti ya Paka

Fundi wa nguo aliyekuwa jirani yangu kule Nyanchwa alizungumza akiwa amebana pini midomoni, na kila mshono alioumaliza aliupitishia kidole gumba polepole, hata ukiwa wa kiraka. Mwaka wa sabini na tatu, daktari wa mifugo alipompasua paka wangu mdogo na kumtoa kizazi, fundi aliuangalia mshono wa tumboni kabla ya kumwangalia paka mwenyewe. “Amejaribu,” akasema. Paka alipozidi kuulamba, fundi alimshonea vesti ya mabaki ya sare za shule, yenye vifungo mgongoni. Jumamosi tulitoka kanisani tukakuta vesti imechanwa na kidonda kimeanza kutoa damu. Nikauliza kama nilete sindano tuishone.

“Jua halijatua, mwalimu,” fundi akanijibu.

Aliketi kwenye kigoda akiwa bado na gauni lake la Sabato, akamlaza paka mapajani na kukifunika kidonda kwa kiganja. Alikaa hivyo alasiri nzima, chakula akakataa, paka akimlamba vidole badala ya kidonda. Jua lilipozama nyuma ya migomba, alininyooshea mkono bila kuinuka. “Sasa lete.”

Daktari alipokuja kutoa nyuzi, alikuta kidonda kimekauka vizuri. Akaigeuzageuza ile vesti, akauliza imeshonwa na nani. Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, pini midomoni kama kawaida. Alizitoa zote, moja moja, akazipanga mezani.

“Ni mimi,” akasema.