Jua la Saa Tisa Usiku, Kang'ata

Nimeona jua likiwaka saa tisa usiku. Hapa hapa Kang'ata, na baraza zima la kata ni mashahidi.

Mwenye jua lake ni Sadala wa Chanika. Simu kubwa, akili robo.

Kaka yake alifariki akamwacha mjane, Maryamu, jirani yangu, na shamba la michungwa walilopanda wote wawili. Arobaini haijapoa, Sadala kaibuka. Eti michungwa kapanda yeye, kabla kaka hajaoa. Maryamu afungashe!

Tukajaa barazani. Mimi shughuli ya watu hainipiti, nikakaa mbele kabisa.

Sadala kanyanyua simu kama anahubiri.

"Shikamooni wazee. Huyu mimi, nimeshika mche. Bonyezeni maelezo ya picha: tarehe, saa, mahali, vyote vimo. Mwaka mzima kabla ya ndoa yao! Simu haina upendeleo."

"Shemeji, si nilikupa mimi huo mche uushike nikupige picha?" Maryamu akapinga. "Nilishaolewa!"

"Mama, bishana na tarehe."

Wazee wakapokezana simu, vichwa vinatikisika. Maryamu machozi hayo. Nikaona shamba linakwenda.

Simu ikanifikia. Jamani, umbea nao una faida.

"Sadala, ulipanda saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi. Jua hulioni hapo pichani?"

"Naliona. Ila humu imeandikwa sifuri tatu, sifuri sifuri. Saa tatu yetu ya asubuhi simu huiandika tisa. Hii yako ni saa tisa usiku!"

Baraza likalipuka kwa kicheko.

"Saa hizo shambani ni wachawi tu!" akadakia Mzee Mhina, mwenyekiti.

Sadala jasho chapachapa. "Mwenyekiti, nilikosea kuandika tu, nilikusudia ile tatu ya..."

Kicheko kikakatika.

"Kuandika?" Mzee Mhina akamkazia macho. "Kwani saa ya picha unaiandika wewe?"

Sadala akaipokonya simu yake. Akaondoa madai mwenyewe, akadandia bodaboda bila kuaga.

Funzo, ndugu zangu: zipo programu za bure za kubadili tarehe na saa ya picha, msimeze kila mnachoonyeshwa.

Na wewe unayepanga kumdhulumu mjane kwa simu, anza kwanza na darasa la kusoma saa.