Matundu Matatu Chini ya Sambaza

Wewe ungepanda gari ambalo abiria wake hufika wakiwa wamelala, na wakiamshwa hawajui wako wapi?

Wanawake watano wa Gisenyi, wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, walilipanda gari la namna hiyo kila asubuhi kwa wiki saba. Hawakuwa wajinga. Walilinunua wenyewe, likiwa limeshatumika miaka mingi, ili waache kubembeleza malori yawafikishe na samaki wao soko la Mahoko. Mtu haachi kirahisi kitu alichokitolea jasho. Njiani kichwa kiliwagonga, tumbo likachafuka, macho yakawa mazito. Wakishuka sokoni na kupigwa na upepo, baada ya saa moja walipona. Walipimwa malaria, haikuonekana. Waume zao wakasema ni uvivu wa kuamka mapema. Majirani wakasema ni mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini huku kwetu na kuua mbuzi mabondeni. Gari linalazwa pabaya, linaamka limejaa mazuku. Nani huku angebisha? Hata fundi Bahizi hakubisha, na hilo ndilo lililomuuma baadaye.

Bahizi ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, akajifunza ufundi kwa kulala chali chini ya malori ya kahawa, akarudi Rwanda na mfuko wa spana na Kiswahili ambacho wateja wake hukicheka kwa kunyooka mno. Gereji yake ni uwanja wa mawe meusi ya volkano na paa la bati. Anajulikana kwa jambo moja: hagusi spana kabla hajakaa kwenye kiti cha anayelalamika.

Safari hii alikuwa ameivunja desturi yake mwenyewe. Wiki mbili kabla, Mukagatare, mmoja wa wale wanawake na dereva wao, alipomletea gari, Bahizi aliliwasha likiwa limesimama, madirisha wazi, akasikiliza injini na kusema, "Gari ni zima. Tafuteni mahali pengine pa kulilaza."

Jumatatu, saa nne asubuhi, Mukagatare alirudi. Nyuma yake alishuka Mukundwa, mkubwa wao kwa umri, kitenge kimekazwa kichwani.

"Bon, fundi, tuliilaza kule juu, ku kanisa," alisema Mukagatare. "Mazuku haipande kilima. Na leo huyu mama karibu afe mu gari."

"Sikufa," alisema Mukundwa. "Nililala. Waliniita mara tatu, nikasikia ya tatu."

"Kesho iko mutu anakuja kuichukua. Ataivunja, auze vyuma. Wenzetu wamesema basi. Kama utaona kitu, uone leo."

Bahizi alijua maana yake. Gari likivunjwa, wanawake hawa wanarudi kusimama barabarani gizani, wakiomba nafasi kwa madereva wa malori. Hakujitetea. Alifungua mlango wa abiria akakaa mahali pa Mukundwa.

"Mama zangu, nilikosea. Nilipima gari, sikuipima safari yenu. Nielezeni mnavyosafiri, msiache kitu."

Wakamweleza. Madirisha hufungwa yote, kwa sababu baridi ya mlima wa Nyakiriba asubuhi si mchezo. Mlango wa nyuma haufungiki, maana mabeseni yanapangwa mpaka yanajitokeza nje. Huachwa wazi kiasi cha shubiri mbili na kufungwa kwa kamba.

"Nani anaanza kuumwa?"

"Mi," alisema Mukundwa. "Niko nyuma kabisa. Halafu wa katikati. Dereva anakuwa wa mwisho, ndiyo maana tunafika."

"Na harufu ya moshi hamkuisikia?"

Mukundwa alimtazama kwa huruma. "We fundi, tuko na sambaza mabeseni kumi mu gari. Unataka tusikie harufu gani ingine?"

Bahizi alishuka kwenye gari haraka kuliko alivyopanda. Aliwaambia kuwa ndani ya moshi wa petroli mna sumu isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta hulewa usingizi bila kujua. Akaenda hotelini ziwani kwa rafiki yake Hakimu, mtunza jenereta, akaazima king'ora kidogo kinacholia hewa ikiingia sumu hiyo. Wakapakia mabeseni yaliyojaa maji, wakafunga kamba, wakapandisha madirisha, wakashika barabara ya Mahoko. Bahizi alikaa nyuma, king'ora mapajani.

Hawakuwa wamefika katikati ya mlima wa Nyakiriba kilipoanza kulia.

"Simama. Fungua milango yote," alisema Bahizi.

Walisimama kando ya shamba la viazi, upepo ukipita ndani ya gari. Kisha Mukundwa akauliza taratibu, "Donc haikuwa uvivu?"

"Haikuwa uvivu, mama."

Wiki saba. Watu wazima watano walisema wanaumwa, na ilibidi kidude cha plastiki kipige kelele ndipo wasadikiwe. Bahizi aliinamisha kichwa, maana na yeye alikuwa miongoni mwa waliowasikia nusu nusu.

Walirudi gereji madirisha wazi. Injini ilipopoa, Bahizi alimwomba Mukagatare awashe, mwenyewe akaziba mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa kilicholowa. Moshi uliokosa njia ukajitafutia nyingine: chini ya kiti cha nyuma kukasikika mzomeo mwembamba. Akapaka maji ya sabuni kwenye kiungo cha bomba, povu likachemka. Kiungo kilikuwa kimeliwa na kutu.

"Umeipata," alisema Mukagatare.

"Nimepata unakotokea. Sijajua unakoingilia."

Wakazima injini. Bahizi akajikunja ndani ya buti, akajifunika turubai, akamwambia Mukagatare amulike tochi kutoka chini ya gari. Gizani mle zikawaka nukta tatu za mwanga kama nyota.

"Nani alitoboa hapa?"

Mukundwa akakohoa. "Si ni mi niliomba watoboe, siku ile tulileta gari. Maji ya samaki itatoka wapi? Kila voiture ya samaki hapa iko na matundu."

Alisema kweli. Wauza samaki wote wa ziwani hutoboa sakafu ili maji yachuruzike. Lakini wao hubeba kwenye pikapu, samaki nyuma, watu mbele, ukuta katikati. Hapa watu na samaki walikuwa chumba kimoja, na bomba bovu lilipita chini ya matundu yenyewe. Mlango ulioachwa wazi nao ulivuta moshi wa nyuma na kuurudisha ndani.

"Msilie," alisema Bahizi. "Tundu huzibwa."

"Nani analia?" Mukundwa alisema. "Mi nauliza maji itaenda wapi."

Lilikuwa swali la maana kuliko yote, na mchana mzima ulikwenda katika kulijibu. Bahizi alikata kipande kibovu cha bomba, akachomelea kipya, akaziba matundu kwa bati na gundi ya mpira. Kisha akatengeneza sinia pana la bati lenye kingo za kimo cha kiganja, likae chini ya mabeseni na kukinga maji. Mabeseni manne akayahamishia juu ya paa, kwenye keria, ili mlango wa nyuma ufungike. Jioni walipanda tena Nyakiriba, madirisha juu. King'ora hakikulia, kwenda wala kurudi.

"Ni muzuri," alisema Mukundwa. "Lakini mi nitasadiki kesho, na samaki ndani. Wa vyuma tutamujibu tukiwa sokoni."

"Acheni dirisha moja wazi kidogo. Na king'ora kining'inie humo. Hakimu nitazungumza naye."

Asubuhi iliyofuata Bahizi hakuweza kungoja habari. Alipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Mahoko, akasimama kwenye lango la soko, mikono mifukoni. Siku zote gari lile lilifika kimya, milango ikafunguka polepole, wanawake wakashuka wakishikilia vichwa. Safari hii aliyasikia makelele kabla hajaliona. Lilikunja kona huku watano wote wakizungumza pamoja, wakigombania nani apange meza karibu na lango. Mukundwa aliruka wa kwanza, gari halijasimama vizuri, akaweka beseni kichwani na kuondoka mbio akicheka, wenzake wanne nyuma yake wakimwita mwizi.