Viwavi na Wali Mweupe

Tumbo langu limezaliwa na kiburi. Tangu utotoni sikuweza kunywa kwenye kikombe alichotangulia mtu mwingine, na mama yangu alikuwa akisema nitakufa njaa siku nitakayotoka nyumbani. Sikufa. Nilitoka pwani na msafara, nimebeba msahafu, kalamu za mwanzi na mbao mbili za kuandikia, nikatembea miezi mingi hata nikafika Kindu, kwenye ukingo wa mto Lualaba. Mfanyabiashara mmoja wa huko alitaka mwalimu wa kuwasomesha watoto wake Kurani, nami nilikuwa kijana, nikidhani ugenini ni mahali pa kuheshimiwa.

Kindu ilinichefua siku ya kwanza. Uani kwa tajiri wangu meno ya tembo yalilazwa chini, mengine bado yana nyama kwenye shina, nyama imeoza, nzi wamejaa hata wakalemewa kuruka. Watu walijisaidia mtoni, na hatua chache chini yao wengine wakateka maji ya kupikia. Nje ya msikiti mbuzi walilala palepale tunapovulia viatu. Lakini palikuwa na wali! Wali mweupe, umeoshwa mara tatu, una mchuzi wa kuku na ndimu pembeni, na kabla ya kula unamiminiwa maji ya kunawa kutoka kwenye birika. Nilikula, nikamshukuru Mungu, na nzi nikawasahau.

Sijamaliza mwezi, akaja mkuu wa kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto, mwendo wa siku moja na nusu ndani ya msitu. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kikohozi. Alimletea tajiri wangu kuku wawili, akaomba mwalimu ahamie kwao. Tajiri alicheka mpaka kofia ikamtoka.

"Mimi sikulazimishi," aliniambia. "Ukitaka mji, kaa mjini. Ukitaka shamba, nenda, na watoto wangu nitakuletea huko kwa zamu. Lakini kwanza kaonje siku tatu, maana utakula wanachokula."

Njiani yule mkuu hakunificha kitu. "Mualimu, ukikala kwetu, tutakuwa watu yako," alisema. "Wale ya bunduki watatupita. Ni ile tu tunataka. Kusoma, watoto watasoma pia."

Nilimwelewa vizuri sana. Ndivyo desturi ilivyokuwa siku zile: kijiji chenye nyumba ya mwungwana, yaani mtu wa pwani kama mimi, kilihesabiwa kuwa cha waungwana, na watu waliotumwa kutafuta meno ya tembo na mateka walikipita wakatafuta kingine. Kwa hiyo asije mtu akadhani sikujua. Nilijua tangu siku ile.

Nyumba yangu walikwisha kuijenga. Udongo wa kuta haujakauka bado, na nyuma yake wamenichimbia choo chenye mlango wa matete, choo pekee katika kijiji kizima. Ningeona aibu kusema sikuguswa. Niliguswa, mpaka chakula kilipoletwa.

Mke wa mkuu alikaa mbele yangu na kapu la viwavi hai, weusi, wanene, wenye manyoya, wakipandana. Aliwakamua mmoja mmoja kwa vidole. Maji ya kijani yakachuruzika hadi kwenye kiwiko, akajifuta pajani, akachukua mwingine. Kisha aliwakaanga kwa mawese, akachota kwa vidole vilevile, akaninyooshea akitabasamu. Kando ya moto palikuwa na nyani aliyebanikwa, mkono wake umekunjwa kama wa mtoto aliyelala. Nilikimbia nyuma ya nyumba nikatapika ndani ya kile choo kipya. Nilikuwa wa kwanza kukitumia.

Siku tatu niliishi kwa ndizi mbivu, kwa sababu Mungu amezipa ganda. Watoto wenye makamasi walinizunguka asubuhi hadi jioni. Niliwachorea herufi mchangani, na lazima niseme kweli hata kama inaniuma: siku ya pili walikuwa wamefika jimu, wakati watoto wa tajiri, wenye godoro na kanzu, walikuwa bado wanagombana na be. Mke wa mkuu alisoma nao kwa sauti huku akikamua viwavi wake. Nami niliwatazama midomo wakisoma, nikawaza kilichopita humo, nikageukia mchanga.

Siku ya kuondoka nilimwambia mkuu kwamba naumwa, nakwenda kujitibu mjini, nitarudi baada ya Ramadhani. Ulikuwa uongo mtupu. Ili uongo usionekane, nilimwachia ubao wangu mmoja, nimeandika juu yake alifu, be, te mpaka mwisho. Aliupokea kwa mikono miwili.

Nilirudi Kindu, nikaosha mikono, nikala wali sahani mbili. Ramadhani ikaja ikaisha. Sikurudi.

Baada ya Idi tajiri aliniomba niwaandikie watu wake kombe. Walikuwa wanavuka mto kutafuta meno, na walitaka kinga. Nilichukua sahani nyeupe, nikaandika aya kwa zafarani, nikaosha maandishi kwa maji, wakanywa kwa zamu, kila mmoja akiacha mate yake ukingoni. Kilichonichukiza siku ile kilikuwa mate. Wanakwenda ng'ambo ipi, kijiji gani, sikuuliza. Wali ulikuwa unaepuliwa, nami nilikuwa na njaa.

Walirudi adhuhuri moja, nami nimekaa barazani na wanafunzi. Walipita mbele yetu na mateka wamefungwa kamba shingoni, na katikati ya kamba nilimwona mke wa mkuu. Nyuma yao mtu mmoja alibeba mzigo wa nyama ya kukausha, na juu ya mzigo upo ubao wangu. Walikuwa wameukatia nyama safari nzima. Alifu ilikuwa imepasuliwa na kisu, mafuta yameganda juu ya herufi, nzi wamekaa juu ya mafuta.

"Ni wako huu?" tajiri aliuliza, akaunusa akakunja pua. "Wanasema waliukuta mlangoni mwa kijiji, umetundikwa kama bendera. Lakini ubao si mtu, mwalimu. Ungekuwa unakaa pale wewe mwenyewe, wangepita." Kisha akanipigapiga begani kwa ukarimu. "Umetuandikia kombe zuri, hakuna aliyeumia. Chagua mmoja, akupikie."

Chagua. Nilimchukua yule mama, na wengine nikawaacha waende walikopelekwa. Sina la kujitetea. Nilikata kamba yake mimi mwenyewe uani kwangu, nikamwambia yuko huru. Aliniuliza huru aende wapi, kijiji kimechomwa. Nikamuuliza habari za mume wake.

"Alitoka mbele na ubao, akawaonyesha," alisema. "Akasoma: alifu, be, te. Hakumaliza. Wale hawajue kusoma, mualimu."

Alisema bila kunilaumu, na hilo ndilo nisiloweza kulisamehe. Kesho yake alinipikia wali. Alikwisha kufundishwa na wanawake wa pale: akauosha mara tatu, akanawa mikono mpaka viwiko, akaniletea birika. Ulikuwa mweupe, safi, hauna hata punje ya mchanga. Niliweka tonge mdomoni, nikalitema. Nilijaribu tena, nikalitema tena, mbele yake, kama mtoto mchanga.

Nikamwomba anipikie viwavi.

"Ile iko ya pori yetu," alisema. "Huku haiko." Akaichukua sahani akaenda kuiosha.