Stima ya Maporomoko

Nilikuwa nimemngoja mama miaka mingi kabla hajaja kutoka Nairobi kututembelea Adelphi, huku Amerika. Nilimtandikia kitanda kwenye chumba cha watoto, nikamnunulia koti na soksi nzito. Lakini nyumba yetu ilipashwa joto kwa stima, na bili ilipanda kila baridi ilipozidi, kwa hiyo mimi na mume wangu tulikuwa tukiiweka hita chini kabisa. Mama alishinda sebuleni na kofia kichwani, amejifunika blanketi.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa Norwei. Kila Jumapili tukitoka kanisani alipiga simu.

"Mama, huku hata sakafu ya bafu ina joto," alimwambia. "Stima yetu inatoka kwenye maporomoko ya maji. Ni ya bei rahisi, watu hawajali hata kuzima taa."

Mama akanigeukia. "Kwani huku hamna maji?"

"Huku wanachoma makaa ya mawe, mama."

"Kumbe ndiyo Amerika hii!" akasema, akavuta blanketi.

Neno hilo liliniuma. Mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye niliyehangaikia viza yake, na sasa sifa zote zilikuwa za yule mdogo na sakafu yake. Hata mwezi haukuisha, mama akaomba kwenda Norwei. Nilimsindikiza uwanja wa ndege nikitabasamu mpaka mashavu yakachoka.

Baada ya wiki chache mdogo wangu alipiga simu akilalamika. Mvua zilikuwa chache mwaka huo, mabwawa yalikuwa yamepungua, na bei ya stima ilikuwa imeruka. Walikuwa wamezima hita zote. Nilimpa pole, lakini moyoni nilishangilia. Nikaomba niongee na mama.

"Basi rudi kwangu, mama."

"Nirudi kufanya nini? Tumeanza kuwasha kuni. Jioni tunakaa wote karibu na jiko, tunachoma viazi, mdogo wako ananisuka, tunapiga hadithi mpaka tunasinzia."

Kwangu nilikuwa nikirudi kutoka kazi ya kutunza wazee nimechoka, napasha chakula, nalala. Sikukumbuka jioni hata moja tuliyokaa hivyo, yeye na mimi.

"Na hivyo viazi, ni vitamu?" nikauliza.

"Vitamu sana," akasema.

Alikaa huko mpaka theluji ikayeyuka, kisha akapanda ndege ya kwenda Nairobi.