Dawa za Bibi, Zawadi za Watoto Wake

Bibi hakuwahi kukataa zawadi ya mtoto wake. Kila Desemba baba zangu wadogo na shangazi walipanda Old Moshi kula sikukuu nyumbani, na miaka ile maduka ya dawa yalipoanza kufunguliwa kila kona, wakaanza kumletea dawa badala ya vitenge. Mmoja alileta za magoti, mwingine za usingizi. Shangazi, aliyefanya biashara Tarakea mpakani, alileta za presha kutoka upande wa Kenya. Zote ziliingia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, pamoja na zile za hospitali. Asubuhi Bibi alimeza za kila mtoto, akiwataja kwa zamu kama anayesali litania. Kuruka moja kungekuwa kumbagua aliyeileta.

Maji ya kumezea nilimpa mimi. Nilikuwa nimeachia shule darasa la sita wazazi wetu walipofariki, tukabaki na Bibi, mimi na wadogo zangu watatu.

Mwaka mmoja Bibi akaanza kuanguka. Kwanza karibu na zizi, halafu kihambani, katikati ya migomba. Ilipofika Julai alisimama kwa kushika ukuta, na mara nyingine aliniita kwa jina la marehemu mama. Shangazi alikuja, akamtazama, akasema ni uzee. Tukishavuna kahawa angemchukua Tarakea, na sisi tungegawanywa kwa baba wadogo. Aliyasema hayo kwa upole. Nikaitikia, nikaenda kukata majani ya ng'ombe bila kuona ninachokata.

Wiki hiyohiyo tumbo lilimchafuka Bibi, akashinda siku mbili hamezi kitu. Siku ya tatu akaketi kitandani, macho maangavu, akaniita kwa jina langu na kuuliza nani amepika mtori mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Nilirudi jikoni nikacheka peke yangu. Akarudia dawa zake, na siku chache baadaye akaanguka tena. Hapo nikalichukua kopo la dawa. Nilijua pa kutazama.

Jirani alikuwa na pikapu ya kupeleka ndizi sokoni. Tulimketisha Bibi mbele, mimi nikapanda nyuma juu ya mikungu, kopo nimelikumbatia. Pale hospitali mjini, daktari, mama wa makamo, aliniambia nilimwage lote mezani. Nilijua kila kidonge: nani alikileta, lini, na Bibi alikuwaje baada ya hapo. Hata mimi nilishangaa jinsi nilivyojua.

Akampima presha amelala, kisha amesimama. Iliporomoka. Akasogeza pakiti mbili kando.

"Hizi ni dawa moja. Viwanda tofauti tu. Mnamshushia presha mara mbili."

Za presha zikabaki za hospitali tu. Za magoti zilikuwa zikimuumiza tumbo, akazibadilisha. Za usingizi akasema zipunguzwe kidogo kidogo, zisikatwe ghafla, na tumrudishe baada ya wiki mbili. Kisha akaniuliza ni nani atakayewaambia waliozileta.

Tulipofika getini kwetu Bibi akasema, "Mwanangu wa Tarakea ataona nimemtupa. Bora nimeze."

Kesho yake nilichuma jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, nikapanda basi la Tarakea. Kwetu anayekuja na isale kuomba radhi hafukuzwi. Shangazi, aliyekwisha kusikia habari ya hospitali, aliniona nikiingia dukani, akawaambia wateja wake, "Daktari wa darasa la sita huyo anakuja." Wakacheka. Nikamwamkia, nikampa jani kwa mikono miwili. Kicheko kikakatika.

"Shangazi, dawa yako ni nzuri. Ni ileile anayopewa hospitali. Anaimeza mara mbili."

Aliligeuza jani mkononi muda mrefu.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namwangusha?"

"Tulimwangusha wote. Maji nilimpa mimi."

Akalichomeka jani juu ya mlango wa duka, akaagiza niletewe chai.

Septemba Bibi alivuka uwanja bila kushika ukuta. Oktoba nilimkuta kihambani akiwakaripia wadogo zangu kwa kuchuma kahawa mbichi, nikasimama nyuma ya mgomba nimsikilize tu anavyofoka.

Desemba wadogo zangu walikaa kwenye kona ya barabara tangu asubuhi, wakipiga kelele kila gari lilipotokea. Bibi alisimama getini mwenyewe. Baba mdogo alipotoa kifurushi cha duka la dawa, Bibi alikipokea, akamshukuru, akanikabidhi mimi.

"Huyu akione kwanza," akamwambia. "Kikipita kwake, nitakimeza."

Baba mdogo akanitazama, kisha akamtazama shangazi aliyekuwa anashuka garini.

"Usiniangalie mimi," shangazi akasema. "Mimi nimeleta kitenge."

Bibi akajifunga kitenge palepale, akatutangulia kwenda ndani. Habari ya kuhamia Tarakea hakuna aliyeigusa tena.