Shangazi kaamua: Mustang au Challenger

Leo shangazi kaumaliza ule ubishi wa Mustang na Challenger. Wala hakufungua boneti.

Wiki nzima binamu yangu Seif anatutambia kwamba Mustang yake kaifunga supercharger, mtambo wa kuiongezea injini nguvu, sasa haikamatiki.
Shemeji Hamad anamjibu: Challenger yangu imetoka kiwandani na nguvu zake, wewe umenunua gari moja mara mbili.
(Hapo kidogo ana hoja.)

Leo tuna harusi mtaa wa Kenton. Wamepaki nje wote wawili, injini zinanguruma, kila mmoja anataka shangazi apande kwake.

Shangazi katoka na buibui lake na sufuria la biriani. Kaenda kwenye Mustang, kafungua mlango wa kushoto kama siku zote, kakaa, kapakata sufuria.

Mbele yake usukani.

Magari yaliyoletwa kutoka Marekani hayo, jamani. Dereva anakaa kushoto.

Nani wa kumwambia shangazi ainuke? Seif kasimama kando ya gari lake mwenyewe, anatazama viatu.

Shangazi akautazama usukani. Akatutazama sie.
"Na la Hamad?"
"Na langu hivyo hivyo, shangazi."

Akashuka taratibu, wala hakuona haya.
"Pesa zote hizo, na usukani wameuweka pasipo pake."

Akaja kupanda Corolla yangu.

Njiani wale wawili walitupita kama upepo. Wakafika mwanzo, wakakaa kungoja biriani.

Haya mashabiki, nawasikiliza.