Shavu la Mjomba

Gazeti lilisema sura imefufuka. Nililisoma nikiwa nimesimama mbele ya duka la mikate, katikati ya mji, hata nikasahau kununua mkate. Mwandishi aliyasifu maonyesho yale ya picha za zamani za Lubumbashi, akasifu taa, akasifu waandaaji, kisha akafika kwenye picha yetu. Mchimbaji yule, aliandika, sasa anatutazama kwa sura safi, sura ya mfanyakazi yeyote wa nchi hii. Eti yeyote. Yule ni mjomba wangu.

Kwetu picha haitundikwi ili kupamba ukuta. Inatundikwa sebuleni, mkabala na kiti cha mgeni, ili mgeni aulize. Akishakunywa maji atainua macho, aseme, "Huyu ni nani?" Hapo mwenye nyumba anapata nafasi ya kusimulia. Ndivyo walivyoishi wazazi wetu, na wachoraji wao walijua hivyo. Walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, wakapita mitaani na picha zimefungwa nyuma ya baiskeli.

Mjomba, mdogo wake mama, alifia Kambove. Shimo lilimwangukia akichimba, na hakuacha hata foto moja. Mama akamwita mchoraji ambaye hakuwahi kumwona marehemu, akamketisha uani, akamweleza: jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, shavu lenye kibonde, mdomo wa mtu anayejizuia kucheka. Mchoraji akachora, akafuta, akachora tena. Mama alikataa, akakataa, mpaka siku aliyoketi chini na kulia. "Njo yeye," alisema, ndiye hasa.

Tangu hapo kila aliyeuliza alisimuliwa, na kila aliposimulia mama aligusa lile shavu kwa kidole. Nimekua nikiona rangi ya shavu ikififia, likabaki doa la kahawia. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyeliita uchafu.

Waandaaji walipokuja kuiazima picha, tuliwapikia bukari, ugali wetu, na samaki, nao wakala wakashiba. Walisema watapangusa vumbi tu. Mama alikubali kwa furaha, maana aliwaza kwamba katika ukumbi mkubwa watu wengi watauliza habari za mdogo wake. Kweli asante ya punda ni mateke.

Siku ya kwenda kuitazama, kabla gazeti halijaandika, mama alivaa kitenge kipya, na njia nzima alikuwa akinisimulia kisa ninachokijua, kama anayejaribu sauti. Tulipofika alisogea mbele ya picha, akarudi nyuma, akasogea tena. Shavu lilikuwa limejaa, laini, linang'aa kwa rangi mpya. Macho yote mawili yalikuwa sawasawa. Walikuwa wamemponya jicho mtu aliyekwisha kufa.

Mwandaaji mmoja alikuja akitabasamu.

"Maman, sura ilikuwa ya kuharibika sana," alisema. "Tuliitengeneza. Sasa iko muzuri."

Mama alielekeza kidole kwenye lile shavu.

"Mulimuona wapi?" aliuliza.

Mwandaaji alinigeukia mimi kwa Kifaransa, kana kwamba mama amekuwa kiziwi ghafla, akanieleza kwamba kazi ilifanywa na mafundi wazuri, na kwamba watazamaji hawawezi kuonyeshwa uso wenye doa. Niliuliza kama rangi ile inaweza kuondolewa. Alisema imekwisha kushikana na ya zamani, ukiivua moja umezivua zote mbili. Na mchoraji wetu tulikwisha kumzika.

Nina hasira mpaka leo, wala sitaki kutulizwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sawa, lakini basi mwulize anayekilalia. Watu waliosomea picha, wenye kuzitolea hotuba na kuziandikia magazetini, walikaa chini ya ile picha, wakala chakula chetu, na hawakuuliza swali ambalo hata muuza makaa akipumzika kwetu huuliza. Wangeuliza huyu ni nani, wangeambiwa habari za jicho, na jicho wangeliacha. Badala yake walituletea mwanamume mzuri wa kutazamika, asiye na ndugu.

Picha ilirudi nyumbani. Niliposhauri tuiweke chumbani, mama alisema msumari uko sebuleni, nikaitundika palepale.

Jumapili moja alikuja jirani mpya, mwanamke aliyehamia mtaani kwetu kutoka Kasungami. Alipokelewa, akapewa kiti cha mgeni, akanywa maji. Kisha akainua macho.

"Huyu ni nani, maman?"

Mkono wa mama ulianza kuinuka kuelekea ukutani. Ukasita, ukarudi magotini.

"Siyue," alisema. Hajui ni nani.